Bodi Haikai Alfajiri

Komeo la geti lilikuwa la chuma kizito, na asubuhi ile Rosalba Adoch alilisukuma kwa kigasha, kwa sababu vidole havikuwa tayari kufanya kazi. Dereva wa lori la mchele alipiga honi tena, ndefu, ya matusi.

"Wewe mlinzi, umelala?"

"Ngoja kidogo, ssebo. Nafungua."

Hakuwa amelala. Alikuwa amekesha mbele ya ghala lile la Kisenyi, bunduki mapajani, na kulipokucha mikono ilikuwa imevimba kwenye vifundo, wa kulia sawasawa na wa kushoto, migumu kama muhogo uliolala. Aliegemea komeo kwa bega zima, likateleza, geti likafunguka. Dereva alipita akimcheka. Mwanamke mrefu, sare imepigwa pasi, buti zinang'aa, anafungua geti kwa bega kama mlevi anayerudi kwake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu mvua za mwaka jana. Kila asubuhi mikono ilikakamaa, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo ilivyolegea, hata ikifika mchana aliweza kumenya matoke vizuri tu. Wengi walimwambia ni baridi ya usiku. Mmoja alimwambia ni jirani yake, na akamtajia na jina la jirani. Rosalba alijaribu mafuta ya kuchua, akajaribu maji ya moto, akajaribu na kunyamaza, jambo alilolijua kuliko yote. Baba yake alikuwa koplo wa jeshi, mtu wa kaskazini, na yeye alizaliwa barracks. Mtoto wa barracks hasemi anaumwa mpaka aanguke, na akishaanguka anaulizwa kwa nini ameanguka bila ruhusa.

Leo ilibidi aseme. Kampuni yake, Ngome Tatu, ilikuwa imetoa amri: mlinzi asiyeweza kukoki bunduki mbele ya kamanda aende nyumbani, isipokuwa bodi ya afya ya kampuni imempa kazi nyepesi. Na kazi nyepesi ilikuwapo, moja, katika chumba cha redio kule makao makuu, Nakawa: kukaa kwenye kiti na kuyaita malindo usiku kuuliza kama kuna amani. Rosalba aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Hakuitaka ya kudumu. Aliitaka mpaka ugonjwa wake ujulikane, apate dawa na ishike mwilini. Akiikosa, kazi imekwenda, na bila kazi hata hiyo dawa ataisikia kwa jina tu.

Aliiomba bodi imwone asubuhi, mapema iwezekanavyo. Alisisitiza asubuhi mpaka karani akadhani ana safari.

Alipomkabidhi mwenzake zamu, alivuka mtaa kwenda maabara ya Mariamu. Mariamu alikuwa wa moja ya familia za Kiislamu zilizokaa Kisenyi tangu enzi za babu zao, akizungumza Kiswahili cha nyumbani kwao, kilichonyooka, mpaka wateja wengine humwomba apunguze kidogo. Alikuwa akifunga mkono wa mtoto anayelia alipomwona Rosalba mlangoni.

"Dada, majibu yamerudi. Karibu, uketi."

"Mimi nikikaa hapana simama tena. Sema tu."

Mariamu alimalizana na mtoto, akamsogeza Rosalba karibu na dirisha. "Kile kipimo cha kwanza, RF, kilitoka hasi, unakumbuka. Hiki cha pili, anti-CCP, tulichokipeleka maabara kubwa, kimetoka chanya. Tena kiko juu sana. Ni baridi yabisi, ile ya kweli, ya damu."

"Sasa mimi ni mgonjwa?"

"Ulikuwa mgonjwa siku zote, dada. Sasa karatasi nayo imekubali."

Rosalba hakujua kama acheke au alie. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuambiwa kitu kibaya na moyo ukatulia. Alikuwa ameanza kujishuku. Kuna alfajiri alipoitazama ile mikono yake na kujiuliza kama kweli si uvivu uliomwingia, kama walivyosema wengine.

"Lakini ile ya kwanza ilisema hakuna kitu," alisema. "Damu yangu inasema uongo?"

"Haisemi uongo. Mwili una kingamwili, sawa? Hizo ni walinzi, kama ninyi. Mdudu akiingia, zinamkamata. Sasa kwa baadhi ya watu, sababu yake hatuijui vizuri, walinzi wengine hukosea. Wanamwona mwenye nyumba, wanadhani ni mwizi. Kwako wanapiga viungo. RF inatafuta aina moja ya hao waliokosea. Wagonjwa wengi wanayo, lakini wengine hawana, na kuna watu wenye afya kabisa wanayo na hawaumwi chochote. Anti-CCP inatafuta aina nyingine. Wewe wako wamo kwenye hiyo."

Hapo Rosalba alicheka. "Mwenzetu mmoja alifanya hivyo kule Muyenga. Bwana mwenye nyumba alipoteza funguo, akaruka ukuta wake mwenyewe. Banange! Jamaa alimpiga mpaka mke akatoka kupiga kelele."

"Mlimfanyaje huyo mlinzi?"

"Walimfukuza siku hiyo hiyo."

"Hawa wa damu huwezi kuwafukuza," alisema Mariamu, naye hakucheka sana. "Dawa inawatuliza, na inachukua wiki nyingi kushika. Lakini waanze kutulizwa mapema, dada. Kiungo kikishaliwa, vidole vikishapinda, hakuna dawa ya kuvinyoosha."

"Wameingia lini?"

"Nani ajuaye? Pengine miaka kabla hata hujasikia maumivu."

Jambo hilo lilimkaa Rosalba kichwani alipokuwa nyuma ya boda kuelekea Nakawa. Miaka. Maana yake alipokuwa akisimama gwaride kifua mbele, akisifiwa kwa ukakamavu, wao walikuwa ndani tayari, wanapiga doria. Alimwonea huruma yule mwanamke wa miaka ile, aliyejiona yuko salama.

Alifika makao makuu mikono ikiwa bado mibaya, na moyoni akashukuru. Getini alimkuta Ocen, kijana wa Kitgum aliyewahi kulinda naye lindo moja na aliyezoea kumwita Mama Santo, kwa jina la mwanawe. Alimweleza habari ya mikono, kisha akakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha bodi. Karani alimwambia mwenyekiti yuko njiani. Baadaye akamwambia daktari yuko njiani. Baadaye zaidi akamwambia wote wawili wako kwenye chakula cha mchana, ingawa hakuna aliyekuwa amewaona wakifika kufanya kazi ya kuwatia njaa.

Jua lilipanda, bati la ukumbi likaanza kulia kwa joto, na Rosalba akaona jambo la kumtisha: mikono inafunguka. Alianza kuhisi ulegevu kwenye kidole gumba. Aliificha ndani ya leso, akaituliza, akajaribu kutoikunja wala kuikunjua, akiilinda isipone. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa ameomba Mungu amwondolee maumivu, na leo, mbele ya mlango ule uliofungwa, alikuwa anayaomba yabaki kidogo. Aliona aibu. Lakini aliomba.

Walipomwita ndani ilikuwa alasiri.

Nyuma ya meza alikaa Meja Olweny, mstaafu, mwenye masharubu meupe na fimbo ya kijeshi mezani. Kando yake alikuwa Daktari Lawrence, mtu mpole, mwenye macho yaliyochoka, ambaye kampuni humkodi kwa siku. Na hapa ndipo Rosalba alipojiponza. Alikuwa ameyapanga yote atakayosema, neno kwa neno. Lakini miguu ilipokiona kile kifua cha meja haikungoja ushauri wa mtu. Kisigino kiligonga sakafu, mgongo ukanyooka, na mkono wa kulia ukapanda mpaka kwenye ukingo wa kofia, vidole vitano vimebanana, vimenyooka vizuri kabisa. Iliuma mpaka machozi yakamlenga. Hakuteremsha mpaka alipoitikiwa.

"Mguu pande!" meja alisema kwa furaha. "Wewe mtoto ya nani?"

"Mtoto ya Koplo Abwola, afande."

"Nilijua! Hii hapana fundishwa kwa kampuni. Hii inatoka kwa barracks." Alimgeukia daktari. "Umeona saluti hiyo?"

Daktari alikuwa ameiona. Tayari alikuwa anaandika.

"Afande," Rosalba alisema, "mkono hii sasa iko hivi. Asubuhi haiko hivi. Asubuhi hapana shika kijiko."

"Kunja ngumi," daktari alisema kwa upole. Alikunja. Haikufungika yote, lakini ilifungika. "Bonyeza vidole vyangu." Alibonyeza. "Umevimba hapa, naona. Inauma nikigusa?"

"Inauma sana."

"RF yako ni hasi."

Rosalba aliweka karatasi ya Mariamu mezani. Daktari aliisoma, akairudia, na kwa muda uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu aliyesomea kazi yake. Aliinua macho kwa meja. "Hii ina maana, Meja. Hii ni dalili nzito. Mgonjwa anaweza kuwa hana ile na akawa na hii."

"Mwongozo wetu inasema nini?"

Daktari aliirudisha karatasi mezani. "Mwongozo unataja RF peke yake."

"Na bima?"

"Bima wanafuata mwongozo."

"Kale, sawa basi," meja alisema, akaisogeza karatasi kwa ncha ya fimbo, pole pole, mpaka ikarudi upande wa Rosalba. "Binti, mimi naheshimu baba yako. Lakini kila mtu hapa anataka chumba ya redio. Kama natoa kwa mtu anapiga saluti namna hii, wengine watasema nini? Rudi kwa lindo. Kesho gwaride ya asubuhi, utakoki bunduki mbele ya kamanda kama wengine."

"Kesho asubuhi mimi hapana weza, afande. Kwa sababu hiyo naomba. Njooni mnione saa kumi na mbili. Hata hapa hapa mlangoni."

Meja alicheka, kicheko cha mtu asiye na ubaya na yeyote. "Bodi haikai alfajiri, binti."

Rosalba alimtazama Daktari Lawrence. Naye alikuwa anatazama kalamu yake. Rosalba alijua kwamba mtu yule anaamini, na hilo lilimuuma kuliko mkono. Akitoka pale daktari atakula, atalala, na pengine atamkumbuka, na kukumbuka kwake hakutamsaidia mtu.

Alitoka bila saluti. Alikaa tena kwenye benchi lile lile.

Mwanzo alikaa kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Kisha aliwaza gwaride la kesho, bunduki ikimponyoka mbele ya watu, kamanda akimtolea maneno, na kila mtu akiondoka na yakini kwamba mtoto wa Abwola amekuwa mvivu. Halafu hasira ikaja, hasira safi, ambayo hakuwahi kuiruhusu mbele ya afande yeyote. Ugonjwa wake una saa zake za kazi, na ofisi ina zake, na zote mbili hazijawahi kukutana. Basi mmoja wao itabidi angoje mwenzake.

Karani alifunga chumba. Daktari alipita akasema "pole, mama," akaharakisha. Meja aliingia garini, akamwona, akamwita Ocen dirishani, akamwonyesha benchi kwa fimbo, kisha gari likaondoka.

Ocen alikuja taratibu, kofia mkononi.

"Mama Santo, wamesema mimi natoa wewe. Ofisi imefungwa."

"Nimeona."

"Sasa unangoja nini?"

"Bodi."

"Bodi inakuja saa nne, mama, kama inakuja. Saa nne mkono yako itakuwa imefunguka tena. Si ndiyo hivyo ulisema?"

"Ndiyo hivyo."

Ocen alipaswa kumshika mkono na kumpeleka nje, na alikuwa ameuona mkono wenyewe. Kukaa sana bila kusogea kulikuwa kumeanza kuurudisha ugumu, vidole vimejikunja juu ya leso, havijui kama vifunge au vifunguke.

"Watanipa adhabu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Wanaweza." Rosalba hakumdanganya. "Wewe zamu yako inaisha lini?"

"Asubuhi. Baada ya kumi na mbili."

"Basi kaa hapa na mimi," alisema, akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Bunduki yako ukinipa wakati huo, utaona mwenyewe. Angalau mtu mmoja wa kampuni hii awe ameona."

Ocen alitazama getini, akatazama njia lilikoelekea gari la meja. Kisha akavaa kofia yake na kukaa.