Kisanduku Kilichozira

Jumapili hiyo fundi simu alikuwa amechoka hadi kope. Wiki nzima aliinamia simu za watu zilizotumbukia majini, na siku yake pekee ya kulala ikamkuta sakafuni nyumbani kwa kaka yake, bisibisi mkononi, akikibembeleza kisanduku cha bati kilichokuwa kimemnunia.

Kisanduku alikiunda mwenyewe kwa vipande vya redio mbovu. Kaka yake, mpiga gitaa wa bendi ileile tangu ujana, aliugua, akapona nusu: mkono wa kulia ulirudi ukiwa mlegevu. Uligusa nyuzi sawasawa, lakini noti ilitoka nyembamba na kufa kabla watu hawajaisikia. Hapo ndipo kisanduku kilipotakiwa kusaidia. Gitaa lingechomekwa upande mmoja na spika upande wa pili. Ukikikanyaga kwa mguu, kinaikuza noti na kuishikilia. Kiongozi wa bendi alikuwa muungwana, alikwishangoja vya kutosha, lakini sasa alitaka jibu kabla jua halijazama: Jumamosi unapiga, au nitafute mwingine?

Kwenye meza ya fundi, dukani, kisanduku kilifanya kazi bila kinyongo. Hapa kwa kaka, kimya. Si kukwaruza, si kuvuma.

"Betri je?" kaka aliuliza kutoka kitini, gitaa mapajani.

"Kaka, usinitusi. Betri ndiyo niliyoanza nayo."

Kila mara alifanya vilevile. Alichomoa waya wa gitaa, akafungua skrubu, akachomeka waya wake mfupi wa kupimia, akagusa ncha yake kwa kidole. Spika ikanguruma. Mita ikaonyesha umeme umejaa. Akafunga, akarudisha waya wa kaka, kaka akapiga. Kimya. Kikiwa wazi kinaimba, kikifungwa kinazira. Akaamini bati linagusa pasipotakiwa, akalibandika tepu ndani kote. Kimya. Akachomelea upya kila kiungo alichokitilia shaka, moshi wa risasi ya kulehemu ukimwingia machoni. Kimya. Alitamani kulia, na moshi haukuwa sababu.

"Acha, mdogo wangu," kaka alisema. "Mkono umegoma, na cha kuusaidia nacho kimegoma. Mtu aambiwe mara ngapi?"

Akaliegemeza gitaa ukutani, akachukua simu, akatoka uani akiburuta ndala. Fundi alisikia mlango ukifungwa. Hakuuliza anakwenda wapi. Hata kuuliza kulihitaji nguvu.

Akakifungua kisanduku tena, na safari hii hakuchomoa waya wa kaka. Haikuwa akili, tusimsifu bure. Ulikuwa uvivu wa mtu aliyechoka. Akaweka mita. Sifuri. Akapima tena, sifuri. Akachomoa waya wa kaka, akachomeka wake. Umeme ukajaa.

Alizilaza plagi mbili kiganjani. Yake ilikuwa na pete moja nyeusi kwenye chuma. Ya kaka ilikuwa na mbili.

Waya ule aliutengeneza yeye, mwaka aliokuwa ndiyo kwanza anajifunza kazi, ukawa zawadi kwa kaka yake. Plagi aliing'oa kwenye hedifoni kuukuu, wala hakujua kwamba plagi hutofautiana. Ukichomekwa moja kwa moja kwenye spika, haukuwahi kuleta shida. Lakini kisanduku hiki, ili betri isiishe bure, alikiunda kiwashwe na plagi yenyewe: chuma chake ndicho kinachounganisha betri. Pete ya pili ilikata chuma hicho palepale betri inapotakiwa kugusa. Wenzake kaka walimnunulia nyaya nzuri za dukani, akazigawa zote. Huu wa mdogo wake aliuviringisha tepu juu ya tepu hadi ukanenepa, na hakupanda jukwaani bila huo.

Kaka aliporudi, fundi alikuwa ameshaliunganisha gitaa na kisanduku kwa waya wake mfupi.

"Kaa. Piga."

"Si nimekuambia uache?"

"Mara moja tu, kaka."

Alipiga. Noti ikapanda, ikajaza chumba, ikakaa. Aliuinua mkono kutoka kwenye nyuzi, na noti bado ilikuwepo. Kaka akajifunika mdomo.

"Ni ule waya wako," fundi alisema. "Wangu, niseme ukweli. Plagi niliyoweka siyo."

"Usiutupe lakini." Kisha akainamisha kichwa. "Nimeshampigia. Nimemwambia nimeacha muziki, na nimemwahidi nitamtafutia mtu."

Fundi angepima na waya wa kaka tangu mwanzo, wangekuwa wanacheka saa hizi. Hakuwa na nguvu ya kumlaumu mtu yeyote, hata yeye mwenyewe. Akaitoa simu katika mfuko wa shati la kaka yake, akapiga namba ya mwisho, akawasha sauti ya nje, akailaza simu juu ya spika.

"Piga," alimnong'oneza.

Kaka alitikisa kichwa.

"Haloo?" kiongozi wa bendi aliita. "Haloo? Mbona husemi?"

Ndipo kaka alipopiga. Alipiga taratibu, kwa sababu hakuweza vinginevyo, akiiacha kila noti ikae mpaka mkono upate nafasi ya kuifuata nyingine. Alikosea mahali pamoja, akarudia, akaendelea hadi mwisho.

"Umempata upesi hivi?" kiongozi alisema. "Hana haraka huyu, ila noti zake hazifi. Nimempenda. Ni wa wapi?"

Kaka aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa umelala juu ya gitaa, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Wa hapahapa," alisema.

"Basi mlete Jumamosi."

"Nitamleta," kaka akajibu.