Ng'ombe wa Karatasi

Mwaka ule wa themanini na nne, ukimtaka Felisiani Makongoro wa Mugeta mchana, ulimfuata joshoni. Usidhani alikuwa anaogesha ng'ombe. Dawa ya kupe haikuonekana tangu mwaka juzi, josho lilikauka hadi chini na kenge wakawa wanaota jua humo ndani. Yeye, mhudumu wa josho lisilo na kitu, alikaa ukingoni miguu inaning'inia, kitabu mapajani, akisoma Kiingereza kwa sauti ya chini huku ng'ombe wa baba yake wakila majani pembeni.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, na jambo moja tu kichwani. Chuo cha mifugo kilikuwa kinachukua mtu mmoja kutoka tarafa nzima, kwa mtihani wa Kiingereza, ufahamu na msamiati, utakaofanyika Bunda mwezi wa saba. Mmoja, sikia vizuri, na waliojiandikisha walikuwa arobaini na wawili. Felisiani alishafukia ndama wengi mno waliokufa kwa kupe, na yeye amesimama pale na kopo tupu la dawa mkononi kama mjinga. Alikitaka chuo kile mpaka kifua kilimuuma.

Kitabu aliazimwa na Mwalimu Petronila, mstaafu, mama mkali aliyefundisha enzi za kuchapa vidole kwa rula. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada, na madaftari dukani ulikuwa unayasikia tu kwa jina. Sasa misamiati yote ile ataiandika wapi? Felisiani akaiandika kwa ng'ombe. Kila neno alimpa ng'ombe anayelingana nalo. Jike mweusi anayesitasita mlangoni mwa zizi mpaka asukumwe akawa Rilaktanti. Mwenye maziwa ya kujaza kibuyu akaitwa Abandanti. Dume lile la majivuno likawa Aroganti, na ndama aliyezaliwa miguu ikitetemeka akawa Frajaili. Jioni aliwaita mmoja mmoja, na neno likishaingia zizini halikutoka tena. Mzee Makongoro, baba yake, alinuna mwanzoni, akauliza kama ng'ombe wake wamebatizwa bila padri. Baadaye akazoea, hata akawa anamfokea Aroganti kwa jina lake.

Ufahamu ndio uliomchukua moja kwa moja. Alisoma habari ya kijiji cha theluji huku jua la Mugeta likimchoma kisogo, na kabla hajafika aya ya pili aliona vumbi linashuka jeupe, polepole, juu ya migongo ya ng'ombe. Abandanti akapita kwenye mtaa wa mawe, pumzi yake inatoka moshi, na bibi mmoja wa Kizungu akafungua dirisha kumtazama. Felisiani alitembea nao huko, hana haraka. Akizinduka, jua limeshainama na mate yamemkauka mdomoni, wala hajui ametoka nchi gani. Raha aliyokuwa anaipata pale, jamani, usiombe akueleze.

Shida ilikuja Jumamosi moja Mwalimu Petronila alipokagua majibu. Kulikuwa na habari ya mkulima aliyeuza baadhi ya ng'ombe zake, na swali likauliza wamebaki wangapi. Felisiani alikuwa ameandika kwamba wamebaki wenye afya.

Wewe usiye wa huku, usicheke. Huku kwetu ng'ombe hahesabiwi. Mchungaji anazijua sura. Wakiingia zizini anawatazama usoni, na asipokuwepo mmoja, pengo lake linampiga jichoni. Kutaja idadi ni kukiita kifo kije kichague. Felisiani alichunga tangu ana miaka sita na hakuwahi kuwahesabu hata kimoyomoyo. Mimi nami sikutajii walikuwa wangapi, nimezaliwa hukuhuku.

"Hao ni ng'ombe wa karatasi," Mwalimu alisema. "Hawana damu."

"Mwalimu, mimi nikisoma huwaga naona macho yao."

"Wenzako mtihanini hawataona macho. Wataona alama. Na alama moja ndiyo itakayokurudisha kwenye lile shimo lako kavu."

Alirudi nyumbani, na maneno yale yakamkaa rohoni wiki nzima.

Siku ya mtihani alipanda lori la pamba mpaka Bunda. Walikalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Msamiati haukumsumbua kabisa. Maneno yalikuja yenyewe, taratibu, na vumbi lake. Rilaktanti alisimama pembeni ya karatasi akisitasita, na Felisiani akaandika maana huku anatabasamu, hadi msimamizi akamkazia macho.

Halafu ukaja ufahamu. Mzee mmoja anavusha ng'ombe mto uliofurika. Felisiani akawa naye mtoni, maji kiunoni, ya baridi, ameshika mkia wa ng'ombe wa mwisho. Wengine wakachukuliwa na maji, akawasikia wakilia. Mmoja akazaa ng'ambo, juu ya mchanga. Swali la nne likauliza waliofika nyumbani ni wangapi.

Aliliruka. Akajibu mengine yote, akarudi. Jibu alikuwa nalo. Aliwaona wale waliovuka, wamelowa, wanamtazama. Akafikiria ndama aliowafukia, akafikiria kopo. Msimamizi akasema zimebaki dakika tano. Felisiani akaandika tarakimu mbili, haraka, kama mtu anayeiba.

Petroli ya kupeleka karatasi Musoma haikuwepo, kwa hiyo walisahihisha palepale, na alasiri jina likasomwa barazani. Felisiani Makongoro. Alimpita wa pili kwa alama moja. Watu wakamshika mkono, wakampiga mgongoni, na furaha ikampanda mpaka machozi yakamtoka mbele za watu, mwanamume mzima.

Alifika Mugeta jua linazama. Habari ilikuwa imemtangulia. Isidori, jirani aliyemchungia siku hiyo, alikuwa ameshawaleta ng'ombe, na mzee Makongoro amesimama mlangoni mwa zizi anamngoja mwanawe, maana macho yake mwenyewe yalikuwa na ukungu siku hizi. Alimpa mkono wa pongezi, akaondoa mti wa mlangoni.

Ng'ombe wakaanza kuingia. Felisiani alifungua kinywa awaite. Moja, kichwa kikasema. Mbili. Akafumba kinywa, lakini kichwa hakikunyamaza. Ilipita migongo, zikapita pembe, vumbi, tatu, nne, na yeye anafuata tu, hakuona hata uso mmoja. Wa mwisho akaingia na idadi ikasimama.

"Wamerudi wote?" baba yake akauliza.

Felisiani alilitazama zizi. Idadi alikuwa nayo kamili. Lakini jana walikuwa wangapi? Hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi kujua.

"Sijui, baba," alisema.

Mzee akaegemeza fimbo yake. Akaingia zizini gizagiza, akaanza kuwapapasa mmoja mmoja usoni.