Msiba wa Bati

Sufuria zote za Eufrazia zilikuwa kazini, na hakuna hata moja iliyokuwa jikoni. Ile kubwa ya pilau ilikaa juu ya kitanda, ya ugali ilikuwa sebuleni chini ya picha ya Bikira Maria, karai la kufulia lililinda mlango, na kopo la maziwa lilikuwa juu ya kabati likilia ti, ti, ti tangu alfajiri. Masika ndiyo kwanza yalikuwa yanapiga hodi Temeke. Keshokutwa, Jumapili, wakwe wangekuja kutoka Ukonga kumposa Anjelina.

Hebu fikiria mwenyewe. Unampokeaje mshenga huku unamwomba asogee kidogo, hapo panadondoka? Tena mama yake Fransis, huyo mchumba, alishatuma salamu kwamba safari hii naye yumo, anataka kupaona. Alikuwa mama wa kukagua nyumba kwanza, watu baadaye. Anjelina alimpenda Fransis mpaka chakula hakipiti, na Eufrazia alijua kwamba posa ikivurugika kwa sababu ya paa, hatajisamehe maisha yake yote.

Paa liliezekwa na mume wake, Polikarpo, siku walipotoa makuti wakaweka bati. Polikarpo alikuwa Mngoni wa Songea, kuli wa bandarini, mwenye mabega mapana na moyo mzuri, lakini ukimpa nyundo hasikii la mtu. Yeye misumari aliipiga kwenye mabonde ya bati, kwa sababu hapo bati limelala juu ya mti na msumari hauyumbi. Mtaa mzima ulimwambia, Baba Anjelina, msumari ni mgongoni, bondeni ndiko yanakopita maji. Akajibu kwamba maji hayana macho, yatajuaje msumari uko wapi. Basi yalijua. Na kila palipovuja alipanda tena, akaongeza msumari mwingine kando ya ule wa kwanza, bondeni vilevile, panavuja mara mbili. Mafundi walioitwa aliwateremsha kutoka kwenye ngazi.

"Kesho nikitoka kazini napanda," alitangaza Ijumaa hiyo, akitikisa mfuko wa misumari mipya. "Wakwe watakuta pakavu."

 Eufrazia alijifunga kanga akaenda nyumba ya jirani, kwa Adelard.

Adelard alikuwa Mhehe. Wahehe na Wangoni walipigana enzi za mababu mpaka wakachoka, wakabaki kuwa watani, na mtani hana mpaka. Atakucheka mbele ya padri, atachukua kuku wako bandani, na ukikasirika aibu ni yako wewe. Katika misiba ndipo watani hufanya vituko vyao vyote, na siku wanapoondoka huondoka na chochote walichokipenda.

"Mtani, nimekwisha," Eufrazia alisema. "Polikarpo anapanda juu kesho."

Adelard akaweka kikombe chini. "Tena?"

"Tena. Na misumari ameshanunua."

Mabega ya Adelard yakaanza kutikisika kabla hajasema neno. "Mama Anjelina, mfiwa anafanyaga kazi?"

"Mfiwa? Mfiwa anakaa mkekani."

"Basi nenda kalale. Kesho nyumba yako ina msiba."

Jumamosi mchana Polikarpo alirudi kutoka bandarini akamkuta Adelard kizingitini, amejifunga kitenge cha mkewe kiunoni, analia kwa sauti ya kukata maini. "Paa letu jamani. Umetuacha na nani, paa letu. Ulikuwa na matundu, lakini ulikuwa paa letu." Mauwa, jirani wa upande wa pili, alikuwa ameshatandika mkeka, na wanawake wenzake waliitikia kilio wakiwa wameficha nyuso kwenye kanga, maana kicheko kilikuwa kinawatoka puani.

Polikarpo alifungua mdomo akakumbuka ni mtani, akaufunga. Mauwa alimkalisha, akampa kahawa. "Pole, mfiwa." Alipojaribu kuinuka na nyundo yake, wanawake walimvuta shati. Mfiwa hainuki.

Wanaume waliosikia kilio wakaja na majembe kwa ajili ya kaburi. Walipoelezwa marehemu ni nani, waliweka majembe wakapanda juu. Balozi wa nyumba kumi naye alifika amenuna, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akatangaza kwamba hiyo ni kazi ya kujitegemea na akaagiza debe la lami kutoka kwake. Misumari ya mabondeni iling'olewa, matundu yakazibwa kwa lami na vitambaa. Anjelina alikata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kila msumari ukavalishwa kimoja chini ya kofia yake, ukapigwa mgongoni.

"Bondeni nyie, bondeni," Polikarpo aliwapigia kelele kutoka mkekani.

"Pole sana, mfiwa," walimjibu kutoka juu.

Eufrazia alikuwa na furaha ya kipuuzi kabisa. Alichukua sufuria ya ugali, akaikausha maji ya paa, akaanza kukaanga maandazi ya waombolezaji.

Lakini habari za msiba hazikai mtaa mmoja. Kufika Ukonga ilisemwa kuna msiba kwa Polikarpo, na kabla watu hawajamaliza kuvaa ikawa Polikarpo mwenyewe. Alasiri gari lilisimama nje. Mama Fransis alishuka analia tangu mlangoni mwa gari, nyuma yake Romani, mshenga, katika koti zito jeusi. Mama yule alimwangukia Eufrazia shingoni, "Dada yangu, pole, mapema hivi," na Eufrazia, juu ya bega lake, alimwona marehemu akitafuna andazi.

Mama Fransis naye akageuka akamwona. Kilio kikakatika.

"Huyu si ndiye?"

"Marehemu ni paa, mama," Adelard alisema kwa heshima, akajifunga kitenge vizuri. "Huyu ni mfiwa."

Hakuna aliyecheka. Eufrazia aliona posa ya mwanawe inapanda gari inarudi Ukonga. "Nisamehe, Mama Fransis," alisema, na machozi sasa yalikuwa ya kweli. "Nilitaka mje mkute pakavu tu."

Ndipo mvua ikashuka, ile ya masika isiyosubiri mtu aingie ndani. Wote walikimbilia sebuleni, wafiwa, wachimba kaburi na wakwe, wakabanana bega kwa bega. Bati likaunguruma juu yao. Wakainua nyuso zote pamoja. Romani alikinga kiganja. Mama Fransis aliangalia kona ya kwanza, akaangalia ya pili, akaenda chumbani akapapasa kitanda. Kikavu.

Aliporudi, midomo ilikuwa inamcheza. Kisha alicheka, akacheka mpaka kilemba kikamfunguka, mpaka akamshika Mauwa asiye hata wa ukoo wake ili asianguke.

"Kwangu panavuja vyumba vyote," alisema alipopata pumzi. "Baba Fransis naye ana nyundo. Romani, ile barua ya posa unayo?"

Romani alikuwa nayo mfukoni, alishaiweka tayari kwa kesho.

"Itoe sasa hivi. Kesho mie nina msiba nyumbani. Na huyu mwenye kitenge naondoka naye."

Anjelina alitoa kilio kidogo akakimbilia chumbani kuficha uso. Eufrazia alikuwa ameshashika sufuria kubwa kwa mikono miwili, anaipeleka jikoni kwa mchele.

"Mtani hasafiri mikono mitupu," Adelard alisema, akasimama mbele ya Polikarpo, kiganja wazi. "Naitaka nyundo."

Polikarpo aliikumbatia kifuani. Alitazama juu, pale kwenye kona ya kabati, akasikiliza mvua kwa muda mrefu. Kopo la maziwa halikulia. Akaweka nyundo mkononi mwa mtani wake.

"Haya, chukua," alisema. "Ukifika Ukonga, waambie ni mgongoni."