Mtetemo wa Tharsisi

Msiniulize kama nimeuona ule wimbo kwenye simu zenu. Nimeuona. Maneno yote mle ndani niliyaandika na kuyarapu mimi, Nadine wa Nyakitonto, na anayefungua mdomo kuyatamka kwenye video ni Asmahani, ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa rapu tangu azaliwe. Lakini hilo nimelisamehe. Asmahani ni mzuri, ana meno mazuri, acha ajulikane mjini. Kuna jingine sijalisamehe, wala sitalisamehe.

Kaka yangu Tharsisi alioa kwenye kambi ya wakimbizi. Mkewe akapangiwa Kanada, kaka akaondoka pamoja naye, na huku kijijini watu wakampigia vigelegele utadhani kaingia peponi. Kila Jumapili alimpigia mama simu ya picha, amekaa ndani, kavaa fulana, nyuma yake kochi. "Nyumba ina joto, mama. Nyie huko ndio mna baridi." Mama akawa anawasimulia wanakwaya wenzake. Mimi alikuwa ananitumia sauti, na za kwangu zilikuwa za ukweli.

Moja aliituma akiwa kituoni alfajiri, anasubiri gari la kiwandani. "Nadi," anasema, "huku si baridi, ni adhabu. Mate yanaganda kwenye ndevu. Ukivuta pumzi pua inauma. Na watu huko wanadhani tunalala kwenye asali! Wewe unajua kurapu, waimbie wajue." Halafu katikati anatetemeka, meno yanagongana, hh-hh-brrr, anajaribu kucheka na kicheko hakitoki. Mwisho anasema: "Ila hivi ninavyotetemeka, mama asisikie. Nakuomba. Atakufa kwa mawazo yule."

Nikaandika. Nikaenda kwa Lukmani, ambaye studio yake iko nyuma ya duka la baba yake pale Kasulu mjini, stoo ya magunia iliyobandikwa trei za mayai ukutani. Nisimnyime haki yake, yule kijana anajua kutengeneza biti. Nikarekodi mistari yangu, nikamwachia na sauti ya kaka, tukapatana: maneno ya Tharsisi yafungue wimbo, mtetemo aukate wote. Nilimweleza na sababu. Akaniambia, "Dada Nadi, hata mimi nina mama." Wimbo nikauita "Huku Baridi".

Kabla hatujapiga video, Tharsisi akafa. Gari lililowapeleka kazini liliteleza kwenye barafu. Wakamzika hukohuko, na tukaambiwa ardhi ilikuwa imeganda hata kaburi likachimbwa kwa mashine. Mama aliuliza kama walimvalisha sweta.

Sisi asili yetu ni Burundi. Uraia wa hapa tumepata, lakini misiba yetu bado tunaifanya kama walivyofanya babu zetu. Mtu akifa, nyumba inakaa kimya mpaka siku ya kuganduka, yaani siku ya kutoka msibani rasmi, na inaweza kuchukua mwaka mzima. Mpaka siku hiyo hakuna ngoma, hakuna harusi, hakuna redio. Kwa hiyo nikamwambia Lukmani video isubiri. Siwezi kurukaruka mbele ya kamera wakati mama yuko kwenye matanga. Akasema sawa, pole sana, na mama yake, Mwamvua, akaja mwenyewe kutuhani na mchele na sukari.

Sawa gani! Ilipoingia miezi yetu ya ukungu na upepo, Lukmani akaona hiyo hapo ndiyo Kanada. Akapakia vijana na makoti ya mtumba, wakaenda kwenye misonobari ya njia ya Kabanga. Theluji wakaitengeneza kwa unga wa muhogo. Haki ya Mungu, unga wa ugali, gunia zima limetolewa dukani linapulizwa na feni! Mwamvua kupata habari, akadandia bodaboda akawafuata hukohuko akawachamba: "Chakula cha watu mnakichezea? Njaa ikija msinililie mimi!" Kuku wa nyumba za karibu nao wakaingia kazini. Ukiangalia vizuri yule mwekundu bado yumo kwenye video, anadonoa theluji. Asmahani kavaa koti la manyoya, jasho linamchuruzika, anatamka kilio changu huku anakonyeza.

Mimi niliiona sokoni, kwenye simu ya muuza vocha. Wimbo sasa unaitwa "Friji". Nikangoja sauti ya kaka. Hakuna. Maneno yake yote kayafuta, alichobakiza ni ule mtetemo. Kaukatakata, kaupanga juu ya biti, hh-hh-brrr, hh-hh-brrr, wimbo unaanza nao na kuisha nao. Kila ukilia, wachezaji wanajikumbatia mabega na kutikisa magoti.

Nilifika studio sijui hata nilipita njia gani.

"Nilikwambia ukate nini, Lukmani?"

"Dada Nadi, tulia. Maneno yalikuwa yanaua vaibu. Ule mlio ndio wimbo wenyewe, wewe wasikilize watu!"

"Ule mlio ni kaka yangu anateswa na baridi!"

"Ndiyo maana una hisia," akasema, na aliamini kabisa anachosema. Hapo ndipo aliponimaliza. "Na hata nikiufuta hapa kwangu, uko Kibondo, uko kambini, Wakongo wanauchezea harusi. Kwenye simu za watu nitaufutaje?"

Nilimtukana matusi ambayo hapa siyarudii. Baba yake akatoka dukani kuniomba niondoke, wateja wanaogopa.

Basi nikabaki na kazi moja, mama asisikie. Msiba wenyewe ukanisaidia. Mama hakuwa anakwenda popote zaidi ya shambani na kanisani, na redio ilikuwa kabatini imefunikwa kitambaa. Bodaboda wakipita barabarani na spika zao, mimi natwanga kwa nguvu, au naanzisha ugomvi na mbuzi. Mjini nikawa nakwenda mimi, hata dawa zake za presha hospitali ya Kabanga nafuata mimi. Akaanza kuniambia, "Mwana wanje, mwanangu, umekuwa na huruma siku hizi." Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya kuganduka ikapangwa. Nikamfuata Ildefonsi, mwenye spika, nikamshika ukosi wa shati. "Piga kwaya, piga zilipendwa, piga unachotaka. Ukipiga 'Friji' kwetu nakuvunjia spika." Akaapa. Baba mdogo Marselino sikumwambia. Ningemwambiaje? Yeye ndiye msemaji wa ukoo wetu, na akijua jambo, mama atalijua kabla jua halijazama.

Siku hiyo watu walijaa mpaka kwenye migomba. Marselino akasimama na fimbo yake, akamtaja marehemu, akasema maneno ya kututoa msibani. Akaonja lubisi, pombe yetu ya ndizi, akampa mama mrija, mama akanywa. Watu wakashangilia. Mama akatabasamu, kidogo tu, lakini lilikuwa tabasamu, la kwanza tangu ile simu ya kifo. Nikasema moyoni, Tharsisi, tumefika salama.

Ildefonsi akaweka kwaya. Marselino akainua fimbo.

"Zima hiyo! Kwaya tumeimba mwaka mzima! Humu ndani tuna msanii, wimbo wake unapigwa hadi Kibondo, na mtoto wa watu kanyamaza kimya kwa heshima ya msiba. Wekeni wimbo wa binti yetu!"

Alikuwa anajivuna, jamani, machozi yanamlengalenga. Hakuujua wala hakuwahi kuusikia, alichosikia ni kwamba ni wangu. Ildefonsi akageuka kunitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa ng'ambo ya uwanja na sufuria la wali mikononi. Vijana wakapiga mayowe, "Friji! Friji!" na mmoja wao akabonyeza.

Hh-hh-brrr. Uwanja mzima wakajikumbatia mabega, shemeji zangu, watoto, mpaka wanakwaya.

Nilitupa sufuria nikakimbia, nikachomoa waya. Nilichelewa. Mama alikuwa kishainua kichwa.

"Huyo ni Tharsisi," akasema.

Marselino akacheka. "Hapana, shemeji, huyo ni Nadine. Ndivyo wanavyoimba siku hizi."

"Huyo ni Tharsisi. Alipougua malaria nilimbeba mgongoni mpaka Kabanga, njia nzima anatetemeka hivyohivyo. Mwanangu nimsahau?" Akanigeukia mimi. "Mbona anasikia baridi? Aliniambia nyumba ina joto."

Sikuwa na uongo uliobaki. Nikamwambia yote mbele za watu: kituo cha gari, alfajiri, mate kuganda kwenye ndevu, na alichoniomba. Nilipomaliza akawatazama wale vijana, wengine mikono bado iko mabegani, hawajui waishushe au waiache.

"Na nyie mlikuwa mnamcheza," akasema.

Akausukuma mtungi wa lubisi pembeni, akasimama. "Marselino, yarudishe maneno yako. Mimi sijaganduka."

"Shemeji, hayarudishwi," Marselino akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Yakishasemwa yamesemwa. Na umeshakunywa."

"Basi gandukeni nyie."

Akaingia ndani akafunga mlango. Nikaenda kugonga. Akauliza ni nani. Nikasema ni mimi, mama, ni Nadine, na mlango haukufunguliwa.