Wenye Magari Walipita Bila Kupimwa

"Cherehani yako itoke leo, na wewe ufuate nyuma."

"Niende nayo wapi, mama?"

"Huko huko ulikouokota huo ugonjwa. Mimi napangisha vyumba, sipangishi kikohozi."

"Kikohozi hiki nilihamia nacho. Siku ya kwanza ulinisikia, ukanipa pole."

Mtu mmoja alicheka chini ya barakoa, akataka kukifunika kicheko kwa kujikohoza, halafu akakumbuka kwamba siku hizi kukohoa ni kesi.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama katikati ya ua, mkono kiunoni, barakoa imeteremka mpaka kidevuni kwa kusema sana. Mbele yake alikuwa fundi cherehani wa chumba cha mwisho, mtu mkavu kama fito, ambaye miaka minne mizima amekohoa vumbi la vitambaa na hakuna aliyemuuliza. Wapangaji wengine walisimama kila mtu mlangoni kwake, maana redio ilisema watu wakae mbalimbali. Sasa mbalimbali gani kwenye nyumba ya vyumba kumi, bomba moja na vyoo viwili? Ukijitenga na jirani wa kulia, umeshamwegemea wa kushoto. Asubuhi mnapanga foleni ya choo mmebanana mpaka unajua mwenzako jana kala nini.

Kwenye ngazi ya chumba cha tatu alikaa mlinzi, kijana wa miaka ishirini na tatu, ametoka zamu asubuhi hiyo na sare bado iko mwilini. Ua mzima, yeye peke yake ndiye aliyejua ugonjwa uliingiaje. Na alikuwa ameinamisha kichwa, anazikagua kamba za viatu vyake utadhani ndiyo kwanza anaziona.

Nyuma yake, ndani, alilala mama yake mdogo, siku ya sita sasa. Huyo ndiye aliyeanza kuanguka. Akafuata mpangaji wa chumba cha saba, kisha mume wa mwenye nyumba, na hapo ndipo jambo likawa jambo. Mama mdogo hakuna aliyemnyooshea kidole. Ni mtu wa watu, hana mlango asioukanyaga kuuliza hali. Lakini fundi hana mke, hana ndugu, na anakohoa. Ukitafuta wa kubebeshwa zigo, unaenda mbali kufanya nini? Tena wiki mbili nyuma alimpunguzia mama mdogo gauni. Ushahidi wakasema umekamilika.

Mlinzi alisikia yote hayo na neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kulitoa kunauma, kulimeza kunauma.

Mambo yenyewe yalianzia getini kwake. Analinda jengo la ghorofa sita, la watu wenye nazo. Ugonjwa ulipotangazwa, meneja wa jengo alimkabidhi kipimajoto, kile cha kuelekeza kwenye paji la uso. Wenzake wakamwita Daktari, na jina akalipenda. Mtu aliacha shule mapema, hata cheti hana, leo anaitwa Daktari. Usimlaumu akitembea kifua mbele. Siku mbili akapima kila kiumbe. Siku ya tatu mama mmoja wa ghorofa ya tano akalalamika kwamba yeye si mtu wa kuelekezewa kitu kama bastola ndani ya gari lake. Meneja akashuka na amri mpya: wanaokuja kwa miguu wapimwe, wenye magari wapite.

Ikawa hivyo. Wapishi, mafundi bomba, wafua nguo, wote wanasimama juani, anawapima mmoja mmoja, na mwenye joto kidogo anarudi kwake bila ujira wa siku. Na joto lenyewe mara nyingi ni la kutembea kilomita tano, kwa sababu magari ya abiria yamepunguzwa. Wenye magari kioo kinashuka nusu, mkono unapunga, kizuizi kinapanda. Halafu redio ya getini inasema ugonjwa umekuja kwa ndege. Mlinzi alijiuliza ni mfua nguo gani aliyeshuka kwenye ndege. Aliliona hilo, si mjinga. Ila amri ni amri, na kazi ukiiachia kuna mia wanaisubiri.

Siku moja baba wa ghorofa ya tatu akarudi kutoka safari. Kwa gari, akapita. Siku tatu mbele mke wake akashuka getini na mfuko. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vya mumewe, vimevaliwa kidogo sana. Akasema baba ana mafua ya safari, na mambo ya ndani yabaki ndani, maana watu wanapenda kukuza vitu. Mlinzi alivijaribu viatu pale pale. Vikamkaa. Akasema hakuna shida, mama.

Kesho yake asubuhi akaja daktari wa kweli. Aliegesha gari chini ya jengo, akafungua buti, akaanza kuvaa: ovaroli jeupe kuanzia utosini, miwani, glavu jozi mbili, plastiki juu ya viatu, kama mtu anakwenda kurina asali. Mlinzi alimshikia mlango wa lifti. Hayo hayakuwa mavazi ya mafua. Hata mtoto wa chekechea angejua.

Nusu saa baadaye akatokea mama mdogo na malapa yake kwenye mfuko. Kazi ile mlinzi mwenyewe ndiye aliyemtafutia: kufua ghorofa ya tatu, Jumatatu na Alhamisi. Ni mwanamke aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, akamlisha kabla ya kulisha wa kwake. Mlinzi akampima. Thelathini na sita na nusu. Akarudia tena, kwa heshima.

"Mwanangu, Jumatatu yule baba alikohoa mpaka ukuta ukaitikia," mama mdogo alisema. "Anaumwa nini?"

"Mafua tu, mama."

"Una hakika?"

"Daktari nani kati yetu?"

Mama mdogo akacheka, akampiga begani, akapanda. Kwa ngazi, kwa sababu lifti ni ya wakazi. Siku hiyo alifua mashuka sita kwa mikono mitupu, amechuchumaa bafuni mlango umefungwa, kwa kuwa mke wa yule baba alisema mashine inaharibu mashuka mazuri.

Mlinzi alijipa sababu, na sababu hazikosekani kwa anayezitafuta. Kwamba akimzuia, mama mdogo atauliza. Akiambiwa, hatapanda. Asipopanda, watajua nani kasema, na hapo zimekwenda kazi mbili kwa mpigo. Kwamba labda kweli ni mafua. Hii ya mwisho hata yeye haikumwingia, ila aliiweka akiba.

Yule baba akapelekwa hospitali yenye chumba cha peke yake na mtungi wa hewa kando ya kitanda. Juzi karudi, kakonda lakini anatembea. Gari likaingia, kioo kikashuka nusu, mkono ukapunga. Mama mdogo yeye alipoanza kuhema walimpeleka zahanati, wakakuta foleni imetoka mpaka barabarani. Jioni muuguzi aliyechoka akampa vidonge, akamwambia arudi nyumbani akajitenge kwenye chumba chake. Chumba chake anaishi na mabinti wawili na huyu mtoto wa dada yake. Akajitenga kwa pazia.

Sasa uani watu wawili walishaingia chumba cha fundi, wakaitoa cherehani, wakaitua karibu na mtaro. Fundi hakugombana. Alitoka na kifurushi cha vitambaa, anavikunja taratibu. Vilikuwa barakoa ambazo hajamaliza kushona. Nusu ya waliokuwa wanamfukuza walivaa barakoa alizowashonea yeye kwa mabaki ya vitambaa, bure. Ya mwenye nyumba ilikuwa na maua, kaikata kutoka kwenye pazia lake la zamani, naye akaisifia siku hiyo kwamba imemkaa.

Fundi alizungusha macho akitafuta mtu. Yakasimama kwa mlinzi.

"Daktari, wewe unafanya kazi na haya mambo kila siku. Hebu waambie. Kikohozi cha miaka minne kinaweza kuwa cha ugonjwa wa miezi mitatu?"

Wote wakageuka kumwangalia mlinzi, mpaka mwenye nyumba, maana hata yeye alitaka kusikia mtu wa kipimajoto anasemaje. Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi, ni kutoka tu.

"Mimi napima joto," mlinzi alisema. "Vikohozi sivijui."

Fundi alimtazama kidogo. Hakukasirika, na bora angekasirika. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeomba maji akaambiwa hakuna, huku anaona mtungi umejaa. Mwenye nyumba akasema mmesikia wenyewe. Mtu mmoja kwa mbali akasema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, ila akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika, na hakusikika.

Fundi akainama kuibeba cherehani. Ni zile za chuma, nzito. Ikamshinda, kifua kikamkaba, akakohoa akiwa ameinama vile vile, ameshikilia meza ya cherehani asianguke. Watu wakaruka nyuma wote kwa pamoja. Mama mmoja akaangusha ndoo. Na hakuna aliyekwenda kumshika.

"Siyo yeye," mlinzi alisema. Alikuwa ameshasimama bila kujua amesimama saa ngapi. "Ugonjwa umetoka kazini kwetu. Kuna mkazi aliumwa, akapelekwa hospitali. Umekuja kupitia kwangu. Fundi hahusiki."

Mwenye nyumba akapandisha barakoa, akaishusha tena. Mlinzi alijikaza, akijua matusi yanakuja, na moyoni aliyataka. Hayakuja. Mwenye nyumba akashusha pumzi, akamwambia pole, baba, kazi ya geti ni ya kukutana na kila aina ya watu, ungejuaje? Mpangaji mwingine akaitikia kwamba ndivyo, ungejuaje, mtu unatafuta riziki. Hata yule wa ndoo akasema Mungu ndiye anajua. Pole zikamwagika kutoka kila mlango, na kila moja ilimchoma zaidi ya ile iliyotangulia, kwa sababu alikuwa anazipokea. Alikuwa ameinamisha kichwa na anaitikia asante.

Mwenye nyumba akaagiza cherehani irudishwe ndani. Wale wawili walioitoa wakasogea.

"Acheni," fundi alisema. "Mikono iliyoitoa isiirudishe."

Akaivuta mwenyewe, hatua mbili anapumzika, hatua mbili anapumzika, miguu ya chuma inakwaruza sakafu. Hakuhama, maana hana pa kuhamia. Alipopita mbele ya mlinzi hakugeuza shingo.

Hapo pazia la chumba cha tatu likasogea. Mama mdogo alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine unashikilia barakoa chini ya kidevu apate pumzi. Siku sita zilikuwa zimemtoa nusu ya mwili. Watu wakamwambia arudi akalale. Alimwangalia mtoto wa dada yake.

"Yule baba wa mashuka," alisema, akapumzika. "Siku niliyokuuliza. Ulikuwa unajua?"

Jibu alishaandaliwa na ua mzima. Ungejuaje. Kazi ilikuwa ni kulirudia tu, na wote wangeitikia. Mlinzi alifungua mdomo kulisema. Alimwona jinsi mbavu zinavyopanda na kushuka chini ya gauni lile lililopunguzwa, na sasa lilikuwa kubwa tena.

"Nilikuwa najua, mama."

"Tangu lini?"

"Asubuhi ile ile. Kabla hujafika."

Mama mdogo hakulia, hakulaani. Mlinzi akapanda ngazi moja, akanyoosha mkono amshike kiwiko, kwa sababu alikuwa anayumba. Mama mdogo akapandisha barakoa mpaka juu ya pua, akaibana vizuri pande zote mbili kwa vidole, kama anavyofanya mtu aliyesogelewa na mgonjwa. Kisha akageuka, akashika ukuta, na kwenda zake ndani, hatua moja moja.