Nta ya Mshumaa Chini ya Mabati

Henriette aliungua katika nyumba yao ya kwanza pale mtaa wa Kikula, wakati umeme ulipokuwa ukija na kupotea unavyotaka na kila mtu akaishi kwa mshumaa. Mshumaa ulianguka, pazia likashika, na moto haukutosheka na nyumba ile. Ukaruka hadi kwa jirani, Fidèle. Gari la kuzima moto lilifika. Likasimama barabarani, jekundu, zuri, na tangi lake kavu. Wakubwa wa mji walikuwa wamekwisha kuuza pampu ya kulijazia maji. Mumewe Ambroise hakusahau lile gari, wala jinsi sauti ya Henriette ilivyokatika ndani ya nyumba, kama mtu aliyefunga mlango.

Baadaye binti yao Élise akajenga nyumba mpya kwenye kiwanja kilekile, maana kingine hakikuwepo. Ambroise, aliyefunga mabomba mgodini mpaka mgodi wenyewe ukalala, alimwambia hatakaa humo bila maji juu ya kichwa. Nyuma ya nyumba akainua nguzo ya matofali, akaweka pipa juu yake. Kutoka kwenye pipa akapitisha tuyo, mabomba makuukuu, chini ya mabati, chumba kwa chumba, akazitoboa, na kila tundu akaliziba kwa nta ya mshumaa. Moto ukiwaka, nta itayeyuka na maji yatashuka yenyewe, bila kumpigia magoti mkubwa yeyote.

Fidèle alichungulia, akacheka. "Papa Ambroise, unajenga nyumba ao unajenga robine ya maji?"

Kosa la Ambroise ni kwamba tuyo alizibana na mabati. Joto la Oktoba lilipowaka, nta ikalegea, na maji yakaanza kudondoka mahali palepale palipokuwa na kitanda cha Henriette katika nyumba ya zamani. Watu hawakutazama juu. Walisema marehemu analia. Ambroise alijua ni nta. Hata hivyo, akibaki peke yake mchana, alisikia tone, halafu kimya, na kimya kile alikifahamu tangu siku ya moto.

"Papa, batoto banaogopa kulala," Élise alimwambia. "Bantu banasema mama iko analia mu nyumba. Toa ile tuyo."

Ambroise alimsihi amwachie azishushe kidogo tu, mbali na mabati. Élise akakataa. Watu wa kanisa watakuja kuombea nyumba, na wakimaliza, tuyo zitatoka.

Siku ya maombi mvua ikanyesha. Wanawake waliokuwa wakipika uani wakaingiza ndani mbabula, jiko lao la mkaa, makaa yakiwaka, sufuria ya bukari, yaani ugali, juu yake, wakaiweka karibu na pazia. Kisha wote wakafumba macho kumfukuza Henriette. Walipoyafumbua, pazia lilikuwa linawaka hadi kwenye mabati.

Watu wakakimbilia mlangoni. Ambroise alibaki katikati ya chumba. Alikuwa ametazama juu, akisubiri, na kile kimya kilikuwa kimerudi, kimejaa chumba kizima. Nta ikaanza kumdondokea usoni, ya moto. Nyuma yake yakaja maji.

Pazia likazimika likifuka moshi. Ukuta wa Fidèle haukupata hata joto. Wanawake wakasema Henriette amewaokoa.

"Hapana, haiko Henriette," Ambroise alisema, amelowa mwili mzima. "Henriette alikufa. Haya ni maji. Bakubwa balikuwa na motokari muzima, na maji ndiyo ilikosa."

Élise hakuzungumza tena habari ya kutoa tuyo. Fidèle alikuja na tope miguuni, bila kucheka safari hii.

"Papa, na kwangu utaweka? Kwangu kukiwaka, kwa Élise kutapona namna gani?"

Ambroise alimjibu atafute pipa, na asiwangoje wakubwa. Waliokuwa wanajenga kwenye mstari ule wa nyumba nao wakaanza kutafuta mapipa.

Akazishusha tuyo mbali na mabati, akatia nta mpya, akapapasa kila tundu kwa kidole gumba. Pote pakavu. Mchana akaketi peke yake mahali pa kile kitanda.

Tone likaanguka.

Hakutazama juu, wala safari hii hakusema ni nta. Akatafuta kopo, akaliweka sakafuni, akakaa nalo.