Siku Waliyompangia Bwana

Nyanzala alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka minne. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maziwa, mara akaanguka, macho yakageuka, povu likamtoka mdomoni. Ndugu za baba yake wakasema mtoto amerogwa. Mama yake, Dina, hakubishana nao. Alimfunga mgongoni, akapanda bodaboda mpaka hospitali, na daktari akampa vidonge vyeupe vidogo, kimoja kila jioni.

"Usikatishe," daktari alimwambia. "Hata akimaliza mwaka bila kuanguka, usikatishe. Ukiviacha ghafla, kifafa kitarudi na nguvu zaidi."

Dina alilishika neno hilo. Miaka miwili ikapita, mtoto akaanguka mara mbili tu.

Baba yake Nyanzala aliitwa Masele, Msukuma aliyeletwa Katavi na wazazi wake pamoja na ng'ombe wao, akiwa bado ananyonya. Dina alikuwa Mkonongo wa hapahapa, Mkatoliki wa kuzaliwa. Walikaa mwisho kabisa wa mtaa wa Makanyagio, pale nyumba zinapoachana na mahindi yanaanza. Masele alikuwa mtu mpole. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu waliomfahamu baadaye hawaamini. Dina alipojifungua, Masele ndiye aliyefua nepi, wanaume wenzake wakamcheka, asijali.

Kitu kimoja tu kilimshinda: kumwona mtoto wake akianguka. Mara zote mbili alitoka nje akakaa nyuma ya zizi, mikono masikioni.

Na hapo hapo ndipo Yotham alipomnasa.

Yotham alikuwa fundi redio sokoni Kashaulili kabla hajaacha bisibisi na kushika Biblia. Alihubiri chini ya turubai la bluu, na alihubiri jambo moja tu, siku za mwisho. Mihuri saba, baragumu saba, mnyama na alama yake. Alikuwa na sauti ya chini, hakupiga kelele kama wengine, na watu walisogeza viti ili wamsikie.

"Yesu mnayemjua nyie ni wa kwanza," alisema. "Yule alikuja kama mwanakondoo. Anayekuja sasa ni hakimu. Anakuja kumchukua bibi harusi wake, na bibi harusi akiwa na doa moja, harusi hakuna."

Doa lilikuwa nini? Kitambulisho chenye namba. Kadi ya kliniki. Sindano. Kidonge.

"Damu yake ilimwagika ikuponye," aliwaambia, "halafu wewe unameza chaki. Si unamwambia usoni kwamba msalaba haukutosha?"

Siku ya kwanza Masele alipomweleza habari za Nyanzala, Yotham alimwekea mkono begani. "Siku ile Bwana atampa mwili mpya," alimwambia. "Hataanguka tena milele." Masele alirudi nyumbani analia kwa furaha. Jioni hiyo hiyo alichukua vidonge vya mtoto akavitupa chooni, na kadi ya kliniki akaichoma.

Dina alirudi hospitali akasema vidonge vimepotea, akapewa vingine. Akavishonea kwenye pindo la kanga. Tangu hapo akawa anasaga kimoja kila jioni na kukichanganya kwenye uji. Mwaka ukaenda, mtoto hakuanguka hata siku moja. Na kila Jumapili Masele alisimama chini ya turubai, mtoto mkononi, akashuhudia: "Mwanangu amepona kwa maombi!" Watu wakapiga vigelegele. Dina naye alipiga. Aliogopa.

Kisha Yotham akaitaja siku. Alhamisi ya tatu ya mwezi wa tisa, saa sita mchana. Alikuwa ameipata kwa hesabu za nabii Danieli.

"Lakini Yesu mwenyewe alisema siku hiyo hata yeye Mwana haijui," Dina alimwambia mumewe. "Anaijua Baba peke yake."

"Alikuwa haijui wakati ule," Masele akajibu. "Sasa anaijua, na amemwambia mtumishi wake."

Ng'ombe wote akamwachia mdogo wake, Malale. Malale alidhani kaka yake amechanganyikiwa, lakini akawachukua, akisema moyoni atawatunza mpaka akili imrudie.

Walikusanyika tangu Jumatatu kwenye uwanda nje ya mji, watu kama sitini, wamejifunga mashuka meupe. Waliagizwa kufunga siku tatu bila chakula, hata watoto. Dina alikwenda kwa sababu mtoto alikwenda. Uji hakuna, basi Jumatano jioni, kama jioni mbili zilizotangulia, jua likiwa bado lipo, alimpeleka Nyanzala nyuma ya kichuguu, akamwekea kidonge mdomoni na maji kidogo. Alipogeuka alimwona Generosa. Huyu alikuwa rafiki yake wa bombani, walikuwa wanasukana nywele. Generosa alimtazama, akaondoka. Dina akashukuru Mungu kwamba ni yeye aliyemwona na si mwingine.

Alhamisi, saa sita ilipokaribia, wote walipiga magoti wakatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa moshi wa mashamba yanayochomwa. Saa sita ikafika. Hakuna aliyepumua. Saa saba. Mzee mmoja akazimia kwa njaa, wakamwacha alale. Kijana wa bodaboda akapita barabarani, akapunguza mwendo, akauliza, "Bado?" Akacheka akaenda zake.

Saa tisa Yotham akasimama. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu. Dina alisema baadaye kwamba kwa dakika moja alimwonea huruma, alionekana kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba inayoungua. Kisha akaupata.

"Bwana alikuja," alisema taratibu. "Alifika mlangoni, akashika kitasa. Amerudi. Kuna Akani katikati yetu. Kuna mtu ameficha kitu kilicholaaniwa, na kwa ajili yake sisi wote tumeachwa."

Watu wakaanza kulia. Walitazamana, mke na mume, mama na binti. Ndipo Generosa akasimama.

"Ni Dina," akasema. "Anamlisha mtoto vidonge. Nimemwona kwa macho yangu."

Wanawake walimwangukia. Walimvua shuka, wakapasua pindo la kanga, vidonge vikamwagika mchangani. Mtu mmoja akampiga ngumi ya mgongo. Mwingine akamtemea mate. Akina mama aliowapikia misibani walimvuta nywele wakisema, "Mwanangu yuko wapi? Ningekuwa naye mbinguni sasa hivi!" Maana wengine walikuwa na watoto waliokufa, na walikuja pale kuonana nao.

Yotham akainua mkono. "Mimi simhukumu. Kichwa chake ni mume wake."

Masele akasogea. Dina akanyoosha mkono, akidhani atamwinua.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Baba Nyanzala. Ndiyo maana mwaka huu wote hajaanguka. Ulidhani ni nini?"

Hakuna neno ambalo lingeweza kumwumiza zaidi mbele ya wale watu. Jumapili zote zile, ushuhuda wote ule. Uso wa Masele ukakauka. Akampiga kofi, na alikuwa hajawahi kumpiga. Kisha akavisaga vile vidonge kwa kisigino, kimoja kimoja, mpaka mchanga ukavimeza.

"Ondoka," akasema. "Mtoto anabaki."

Dina alimrukia mtoto. Wanaume wanne wakamshika, wakamburuta mpaka barabarani. Nyanzala alikuwa anamwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu! Mayu!" na mtu akaanzisha wimbo ili sauti yake isisikike.

Mjini, kiongozi wa mtaa alimsikiliza akiwa anakula. "Mtoto yuko na baba yake mzazi," akasema. "Huo ni ugomvi wa ndani. Njoo Jumatatu tuwaite wote wawili." Dina akaenda hospitali akachukua vidonge, akaenda kwa shemeji yake Malale. Ijumaa walifika uwandani wakakuta majivu tu. Wale watu walikuwa wamehamia porini ili wasichafuliwe tena. Malale akauliza wachungaji wa ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, siku mbili nzima, na Dina nyuma yake kwenye pikipiki, vidonge kifuani.

Waliwapata Jumapili mchana. Walisikia nyimbo kabla hawajaona watu. Walikuwa wanacheza, wamechafuka, wamekonda, nyuso zinang'aa. Masele alimwona mkewe akamkimbilia, mikono wazi, kama vile Alhamisi haikuwahi kuwepo.

"Mama Nyanzala! Nimekusamehe! Amechukuliwa! Bwana amemchukua wa kwanza, malimbuko yetu, mtumishi amesema!"

Dina hakuelewa. Malale alielewa, akakaa chini.

"Alianguka?" Dina akauliza.

"Jana. Tangu asubuhi mpaka saa nane."

"Mara ngapi?"

"Haikukatika. Tulimzunguka tukaimba. Generosa alimshika miguu. Alikuwa anauvua mwili wa zamani, Dina. Na mimi sikukimbia! Safari hii nilikaa, nikamtazama mpaka mwisho."

Alimwonyesha udongo mpya chini ya mti wa miombo. Ulikuwa umepambwa maua. Dina alipiga magoti akaanza kuufukua kwa kucha, na wale wanawake wakaendelea kuimba, wengine wakimwonea huruma kwa imani yake ndogo.

Polisi walimkamata Yotham. Lakini Masele, baba mzazi, aliandikisha kwamba mtoto alikuwa mgonjwa siku zote na kwamba uamuzi ulikuwa wake. Alipoulizwa kama alishawishiwa, alisema hapana. Yotham akaachiwa. Masele akabaki ndani miezi mitano, kisha naye akatoka.

Alikuja kwa Dina kipindi cha kupalilia. Dina alikuwa amehamia kwa mama yake na alikuwa shambani, jembe mkononi. Masele alisimama kwenye tuta, amekonda, viatu mkononi.

"Kule mahabusu nililala peke yangu," akasema. "Wimbo ulikuwa umekwisha. Nikamsikia mwanetu." Aliweka viatu chini. "Dina, Yesu atanisamehe?"

Dina aliegemea jembe. Alifikiri kweli, hakumjibu kwa hasira.

"Labda," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yake. Kwa ajili hiyo walimtundika. Mimi hakuna aliyenituma kazi hiyo, na siwezi."

"Basi niambie tu yuko wapi. Mwanetu yuko wapi sasa?"

"Yuko ulipomzika."

Masele alisubiri neno lingine. Dina akarudi kwenye mstari wake na kuendelea kupalilia. Alipofika mwisho wa shamba na kugeuka, tuta lilikuwa tupu.

Wiki mbili baadaye Malale akaja na habari. Yotham amefungua turubai jipya Ikola, kando ya ziwa, karibu na vichanja vya dagaa. Masele yuko mstari wa mbele.

"Nilimfuata, shemeji, nikamsihi," Malale akasema. "Ananiambia, kule wanamwambia Nyanzala yuko mbele ya kiti cha enzi anamsubiri, kila siku wanamwambia. Anasema, kwa Dina niliambiwa yuko udongoni. Wewe ungekaa wapi?"

Dina alivuta ungo wa mboga karibu.

"Na wamepanga siku nyingine."

"Lini?"

"Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Saa sita."

Dina alikuwa anachambua mboga. Aliacha, mikono yake ikabaki juu ya ungo.

"Na aje," akasema. "Safari hii aje kweli. Na kidonda chake ubavuni, na upanga, na kila kitu. Mimi nitakuwa hapa, nina maneno naye, na akina Yotham pia watakuwa nayo ya kujibu."

Kisha akamwuliza Malale kama amekula.